Kundi la Mengineyo

Nchi hii ina michezo miwili: mpira na michezo mingine. Anayebisha afungue redio saa ya habari za michezo. Utasikia nani kaumia goti Msimbazi, nani kagoma kusaini Jangwani, kocha kasema nini kuhusu mechi ambayo sote tuliiona, na mchambuzi kasema nini kuhusu alichosema kocha. Mtangazaji akishaanza kukusanya karatasi zake ndipo anapokumbuka, kwa pumzi moja, kwamba kuna bondia kapigana, kuna watu wamekimbia mahali fulani, na netiboli nayo imechezwa. Muziki unapanda. Tukutane kesho.

Na si kwamba mpira umetulipa kihivyo. Kombe la Dunia hatujawahi kutia mguu. Medali za Olimpiki tulizonazo ni 2 tu, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980, na zote zililetwa na wakimbiaji: Filbert Bayi kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000. Yaani hao hao wa dakika ya mwisho, wakati mtangazaji anatafuta miwani yake.

Haya nilikuwa nimeshayazoea. Mimi mwana Yanga wa kurithi, nikilalamika sana juu ya mpira nitatengwa na ukoo. Kilichonitoa kwenye uvumilivu wangu ni karatasi iliyotoka ofisi ya utumishi pale kazini kwetu.

Tunaandaa bonanza. Kila mfanyakazi ametakiwa ajaze fomu kuonyesha mchezo wake, na kamati ya maandalizi, kwa kuwa ina wasomi, imeigawa michezo yote ya dunia katika makundi manne. Kundi A, michezo ya timu. Kundi B, michezo ya mtu mmoja mmoja. Kundi C, riadha. Kundi D, mengineyo. Ukiwa A, B au C unapata jezi, traksuti, posho ya mazoezi na ruhusa ya kutoka saa tisa alasiri kwenda uwanjani. Ukiwa D unapata maji ya kunywa. Na kwenye hilo kundi D, kwa maandishi ambayo bila miwani ungedhani ni vumbi, wameorodhesha: bao, drafti, karata, vishale, kuvuta kamba, mbio za magunia na kukimbiza kuku.

Mimi ni mcheza bao. Nimewekwa kundi moja na kuku. Tena kuku mwenyewe angalau anakimbia.

Nikapanda ngazi hadi utumishi. Afisa mwenyewe ni binti mdogo, kalelewa, shikamoo yake ilinifikia kabla sijavuka kizingiti.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze. Bao si mchezo?"

"Ni mchezo, baba. Ila siyo mchezo wa kimichezo."

Nikavuta kiti. Neno kama hilo hulisikilizi umesimama.

Akafungua faili, akanisomea. Kamati imeona kwamba mchezo ni shughuli inayotumia nguvu za mwili, yenye kanuni zinazojulikana, na inayotoa mshindi. Bao lina kanuni, alikubali. Bao lina mshindi, alikubali pia. Kasoro ni nguvu za mwili. "Kwa lugha nyepesi, baba, hakuna jasho."

Jasho! Nimeishi Dar es Salaam miaka yote hii, leo naambiwa sina jasho. Huku mwezi wa pili ukisimama tu kituoni kungoja daladala unatoka umelowa chapachapa, na hakuna kamati iliyowahi kukuletea traksuti. Nenda Kariakoo alfajiri uwatazame wabeba mizigo. Nguvu za mwili zipo, magunia yanazidi uzito wa anayeyabeba. Kanuni zipo, na ukivamia kipande cha mwenzio utazijua. Ushindani upo, lori likipaki wanalikimbilia kwa kasi ambayo ukiipima kwa saa utashangaa. Kila kigezo cha kamati wamekitimiza kabla jua halijachomoza. Mbona hatujawaona kwenye Kundi A?

Upande wa pili nako kuna mambo. Gofu iko Olimpiki tangu iliporudishwa mwaka 2016, na kwenye viwanja vya kwetu mwanamichezo anatembea mikono mitupu huku kijana wa watu anambebea mfuko. Anayetoka jasho ni mbebaji, anayepewa kombe ni mwingine. Kulenga shabaha kumo kwenye Olimpiki tangu zile za kwanza za mwaka 1896. Mwaka 2024 kule Paris akatokea Mturuki mmoja, Yusuf Dikeç, umri miaka 51, kavaa fulana na miwani yake ya kawaida, mkono mmoja kauweka mfukoni, akanyoosha bastola, akapiga, akaondoka na medali ya fedha yeye na mwenzake. Mkono mfukoni, wasomaji wangu! Mimi nikicheza bao natumia mkono wa kuume muda wote, na wa kushoto nashika zile kete ambazo hazijaingia. Kwa hesabu ya mikono nimemzidi.

Nilipomweleza hayo dereva wa basi letu la wafanyakazi, alizima injini kabisa ili anisikilize vizuri. Na yeye ana lake. Safari Rally, akasema, imeanza mwaka 1953, ikawa inapita Kenya, Uganda na huku kwetu Tanganyika, na Joginder Singh aliishinda mara 3, zote akiwa amekaa. "Sasa mzee, kama yule ni mwanamichezo, mimi ninayeitoa hii gari Mbagala hadi Posta mvua ikinyesha ni nani?" Sikuwa na jibu. Nilimshauri ajaze Kundi B, akajaza. Imerudishwa.

Msidhani huu ugonjwa wa kugawana makundi ni wa kwetu tu. Wazungu ndio mabingwa wake. Mwaka 1992 nchi za Baraza la Ulaya zilikubaliana mkataba wa michezo ambao maana yake ya mchezo ni pana mno: shughuli yoyote ya mwili, iwe ya kujifurahisha au ya kupangwa rasmi, ambayo lengo lake ni afya ya mwili na akili, au kujenga mahusiano ya watu, au kupata matokeo kwenye mashindano. Kwa maana hiyo hata kwenda gengeni kwa mguu ukasalimiane na majirani unastahili jezi. Nikawapenda ghafla.

Lakini subiri pesa iingie. Waingereza wana chama chao cha briji, ule mchezo wa karata unaochezwa na watu wanne wasiocheka. Chama kikataka kitambuliwe kuwa cha michezo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya London ikakataa. Walikuwa pia na shauri jingine, la kodi: kama briji ni mchezo, ada za kuingia mashindanoni zisitozwe kodi ya ongezeko la thamani. Kesi ikafika hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, na mwaka 2017 majaji wakasema briji inatumia akili, ndiyo, na inafaa kwa afya, ndiyo, ila kazi ya mwili iliyomo ni ndogo kiasi cha kutohesabika. Kwa hiyo lipeni kodi. Hapo ndipo nilipomwelewa yule binti wa utumishi. Hakuna mtu aliyewahi kuulizia maana ya mchezo kwa sababu anataka kujua. Anaulizia kwa sababu kuna mtu anaomba hela na mwingine hataki kutoa. Jasho ni lugha ya mhasibu tu.

Ukishaitazama hivyo, hata Olimpiki inaeleweka. Kuanzia mwaka 1912 hadi 1948 walikuwa wanatoa medali za uchoraji, uchongaji, muziki, usanifu wa majengo na fasihi. Ndiyo, fasihi. Na mwaka 1912 medali ya dhahabu ya fasihi ilikwenda kwa Pierre de Coubertin, yule yule aliyeifufua Olimpiki yenyewe, aliyepeleka kazi yake kwa majina ya bandia. Mwandaaji kaandaa, kashiriki, kashinda. Kamati yetu ya bonanza bado haijafika huko, ingawa nimesikia mwenyekiti wake anapenda sana mbio za magunia. Sataranji nayo, ambayo mtu anaweza kukaa nusu saa bila kutikisa hata kidole, shirikisho lake lilitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1999, ila kwenye Olimpiki yenyewe haijaingizwa. Imetambuliwa lakini haijakaribishwa, kama mkwe aliyetoa nusu ya mahari.

Na kamba! Walinzi wetu wa getini ndio mabingwa wa kuvuta kamba, vijana wenye mabega ya kutisha, nao wamo Kundi D na kuku wetu. Kuvuta kamba kulikuwa Olimpiki kuanzia mwaka 1900 hadi 1920, watu wakapewa medali halali, kisha kukaondolewa. Wakati huo huo mchezo wa kunengua chini kwa kichwa, breki dansi, uliingizwa Paris mwaka 2024, na dada mmoja wa Australia akatoka bila alama hata moja akawa maarufu kuliko washindi. Kamba iliyofukuzwa Ulaya imepata hifadhi kwetu. Kwenye michezo ya SHIMIWI, ile ya wizara na idara za serikali, kamba inavutwa hadi watu wanaacha alama za visigino ardhini, na bao, karata na drafti zina ratiba, waamuzi na makombe. Nikamwambia binti: mwanangu, serikali nzima inatambua bao, ninyi ni nani? Akasema ofisi yetu si ya serikali. Kweli. Pale alinikamata.

Basi niwaambie bao lenyewe lilivyo, maana nadhani kamati imeliona kwenye kinyago cha watalii tu. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64 za komwe, kila mtu 32 zake. Unaanza na kumi ubaoni, sita zikiwa kwenye nyumba, na ishirini na mbili mkononi, ambazo unaziingiza moja moja. Hiyo ndiyo namua. Zikiisha mkononi mnaingia mtaji, na hapo ndipo watu hubadilika rangi. Mzee ninayecheza naye pale kijiweni Temeke, fundi cherehani mstaafu, huwa hatazami ubao. Anachota kete, anatazama barabarani, vidole vinadondosha moja, moja, moja, vinafika mwisho, vinachota tena, vinazunguka, wewe unahesabu kwa macho umechoka, yeye anamsalimia mpita njia. Akimaliza kula unakuta nyumba yako haipo, na kahawa yako kanywa. Nimeona mtu mzima, baba wa watoto, kafungwa kete zikiwa bado mkononi, akasimama, akajipangusa shingo yote kwa leso, akaondoka bila kuaga, akasahau na baiskeli. Hakuna jasho, wanasema.

Mwalimu Nyerere alikuwa mcheza bao mashuhuri. Kwa fomu hii ya kwetu, Baba wa Taifa angepewa chupa ya maji.

Ukiacha bao, makundi yao mengine nayo hayasimami. Michezo ya mtu mmoja mmoja wameweka ndondi. Ndondi ya mtu mmoja inachezwaje, anajipiga? Mbio za kupokezana vijiti ziko riadha, ila wanakimbia wanne na mmoja akidondosha kijiti wote wanalala njaa, hiyo si timu? Wakaongeza na safu ya pembeni: mchezo wa kugusana au usio wa kugusana. Netiboli wameiweka usio wa kugusana, na kwa kanuni za kimataifa wako sahihi, mlinzi anatakiwa akae sentimita 90 kutoka kwa mwenye mpira. Waende wakamuulize mama wa masijala, ambaye ni mlinzi wa goli wetu, mwanamke mpole asiyepaza sauti hata simu ikikatika. Mwaka jana alimkinga mfungaji wa timu pinzani bila kumgusa, kikanuni, na yule dada alipelekwa kwenye benchi akiwa ameshikwa huku na huku.

Kuna na mgawanyo wa umri. Mtu akifika miaka yangu anaitwa veterani, anavalishwa jezi inayombana tumboni na kuambiwa atacheza dakika ishirini kila kipindi kwa sababu za kiafya. Sitaki. Kwenye bao hakuna veterani. Kijana wa miaka kumi na minane akija pale kijiweni anafungwa sawa na wengine, anashikishwa adabu na anatumwa kahawa.

Mgawanyo pekee nilioupenda ni wa Mfaransa mmoja, Roger Caillois, ambaye mwaka 1958 aliandika kitabu akaigawa michezo yote ya wanadamu katika mafungu manne bila kuuliza nani anatoka jasho. Fungu la ushindani, fungu la bahati, fungu la kuigiza na fungu la kizunguzungu, lile la watu wanaotafuta kupagawa, mithili ya mtoto anayejizungusha hadi aanguke. Nilipousoma mgawanyo huo nikaona kama alishawahi kuhudhuria bonanza letu.

Ushindani ni foleni ya pilau. Bahati ni vijana wa TEHAMA, ambao mechi yetu inachezwa mbele yao na wao wameinamia simu wakiomba timu ya Ubelgiji ifungwe kona mbili zaidi ili mkeka usichanike. Kizunguzungu ni mbio za magunia, na ni kundi ambalo baada ya saa kumi na mbili jioni huongezeka washiriki kutokana na vinywaji. Na kuigiza, hapo sasa. Mkuu wetu huvaa jezi namba tisa. Ana kilo zake na heshima zake. Mwaka jana alipewa pasi peke yake mbele ya goli, mabeki walikuwa wamekumbuka ghafla kufunga kamba za viatu, akapiga mpira ukaenda taratibu kabisa, unadunda, unasita, kana kwamba unauliza njia. Golikipa wetu, kijana hodari ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, aliruka. Aliruka vizuri mno, akanyooka hewani kama kwenye picha ya gazeti. Aliruka upande wa pili. Tukashangilia hadi sauti zikakauka, na kijana yule mpaka leo tunaye kazini. Sasa niambieni huo ni mchezo wa Kundi gani. Kwa fomu ni A. Posho alilipwa.

Nimeandika barua ya rufaa. Nimeeleza kete, nimeeleza mashimo, nimemtaja Mturuki na mkono wake mfukoni, nimewataja hata majaji wa Ulaya ingawa hawakunisaidia. Walinzi wa kamba wameambatanisha sahihi zao, dereva ameambatanisha nakala ya leseni bila kuombwa. Wacheza drafti walikataa kusaini, wanasema bao likipanda na wao wakibaki itakuwa aibu, bora tuzame wote. Wa karata walikuwa katikati ya mchezo, wakasema nirudi baadaye.

Majibu yametoka Jumatatu, yamepigwa muhuri. Kamba imepandishwa Kundi A, kwa kuwa mwenyekiti alipopita getini walinzi walimchelewesha kidogo kumfungulia. Leseni ya dereva imerudishwa. Na bao, baada ya kamati kutafakari kwa kina suala la matumizi ya nguvu za mwili, limehamishiwa Kundi B pamoja na haki zake zote za jezi, traksuti na posho, kwa sharti moja: wachezaji wacheze wamesimama.

Yule fundi cherehani ameshaniambia kwamba yeye akisimama atanifunga vilevile, na mgongo utakuwa wangu. Kwa hiyo ombi langu ni fupi. Bonanza ni Jumamosi. Msomaji yeyote mwenye meza imara, kimo cha kiuno, isiyoyumba mtu akidondosha kete kwa nguvu, naomba aniazime. Nauli ya mkokoteni nitalipa kwa posho.